Mashine ya Matope

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kutazama matope yakitulia. Nikiwaambia watu hivyo walidhani nawatania, lakini sina namna nyingine ya kuieleza. Mimi ni mhadhiri wa fizikia katika chuo kimoja hapa Eldoret, na utafiti niliokuwa nao ulihusu udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani hadi kwenye mabwawa. Mvua ikinyesha kule juu, Timboroa na Burnt Forest, mito hushuka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yakifika bwawani yanasimama, na udongo unaanza kwenda chini. Nilitaka kujua unachukua muda gani, na unajipangaje ukishafika chini.

Shida ni kwamba ndani ya maji ya matope hakuonekani. Ukiyamulika kwa tochi, mwanga unaishia juujuu. Sauti ndiyo hupenya. Kwa hiyo tulitumia ultrasaundi, mashine ileile wanayopimwa nayo akina mama wajawazito. Yetu ilikuwa kuukuu, tulipewa na hospitali ilipopata mpya. Tulijaza maji ya matope kwenye silinda pana ya plastiki, tukapaka jeli ubavuni, tukaugusisha pale mkono wa mashine, yaani kile kifaa ambacho muuguzi hukitembeza tumboni. Skrini ikatuonyesha yaliyomo. Maji safi huonekana meusi kabisa kwa sababu hakuna kitu cha kurudisha sauti. Chembe za udongo huonekana kama vidoa vyeupe vinavyoshuka, maelfu kwa maelfu, na chini kabisa linajengeka tabaka la kijivu ambalo huendelea kunenepa. Ukiinamisha silinda, tabaka hilo huteleza taratibu na kujilaza upya.

Nasema "tulitumia" kwa sababu sikuwa peke yangu. Maabara ilikuwa mikononi mwa fundi wake, mama mmoja mzaliwa wa Moiben aliyeifanyia kazi tangu nilipoingia chuoni mwaka wa kwanza, nimetoka upande wa ziwa bila hata sweta. Wakati huo alinikaripia kwa kuvunja vyombo. Nilipoajiriwa akaanza kuniita Mwalimu, nami nikaendelea kumwita Mama, kama kila mtu pale. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alikamua ng'ombe watatu kabla ya kuja kazini, na labda ndiyo sababu mkono wake haukutetemeka: angeweza kuushika mkono wa mashine ubavuni mwa silinda dakika kumi nzima, picha isiruke. Shingoni alining'iniza saa ya kuhesabia sekunde kwa kamba ya kiatu. Yeye alishika na kuhesabu, mimi nikaandika.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari Timboroa, anaishi huko siku za kazi na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Tuna binti mmoja, wakati huo alikuwa gredi ya tatu, na baada yake hatukujaliwa mwingine. Tangu mwanzo wa mwaka tumbo langu lilikuwa limeanza kujaa. Niliacha kuvaa sketi mbili. Kanisani, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniambia kwamba Mungu ni mwema, nami nikaitikia na kutabasamu, nikaona haya kumwambia kwamba hakuna mimba. Nilikuwa nimepima mara mbili, kwa vile vijiti vya duka la dawa. Nililaumu chapati, nikalaumu kukaa kitini, nikalaumu umri. Maumivu ya kila mwezi hayo nilikuwa nayo tangu kidato cha pili. Nilimeza dawa, nikajifunga leso kiunoni ndani ya nguo, nikaingia darasani kufundisha. Sikuwahi kuyaona kama jambo la kumwambia mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, mwezi wa saba, baridi ya kufanya mtu afunge koti hadi shingoni. Shule moja ya wasichana ilikuwa imeleta wanafunzi wa kidato cha tatu kutembelea idara. Walipofika kwetu tuliwaonyesha matope yakishuka, wakayatazama kwa adabu. Halafu mmoja, mrefu mwenye miwani, akauliza kama hii siyo ile mashine ya kuangalia mtoto. Nikamjibu kwamba ndiyo. Akauliza tena: tukiiweka kwa mtu, itaonyesha? Nikasema itaonyesha, lakini sisi si madaktari wa watu, hatujasomea kusoma picha za tumbo, na hii yetu ni mashine ya matope. Wenzake wakacheka sana, na jina hilo wakaondoka nalo.

Walipokwenda, Mama alikuwa akipangusa jeli kwenye silinda. Akaniambia kwamba watoto wake wote watano walizaliwa bila yeye kulala kwenye kitanda cha mashine hata mara moja. Alikuwa ameishika miaka miwili na hakuwahi kuona ndani ya mtu kunafananaje. Nikamwambia apande mezani nimpime. Akakataa. Alikuwa amekula githeri, akasema, ningeona mahindi tu.

"Lala wewe," akasema.

Nikalala. Nilipanda ile meza huku nikicheka. Mama alisukuma komeo la mlango, nikafungua vifungo vya blauzi na kushusha sketi kidogo, koti langu likawa mto. Jeli ilikuwa baridi kama barafu. Akaugusisha mkono wa mashine chini ya kitovu, akageuza skrini tuone wote wawili. Mwanzoni kulikuwa na ukungu tu. Halafu likatokea umbo jeusi tii, lenye ukingo laini, nikajua ni kibofu, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai vikombe vitatu na sikuwa nimeenda msalani.

"Maji safi," Mama akasema. Tukacheka.

Akasogeza mkono juu kidogo, upande wa kushoto. Likatokea jingine.

Hili halikuwa jeusi. Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, la mviringo, limejaza skrini mpaka kingo zake zikatoka nje ya picha. Ndani yake kulikuwa na vidoa. Vilikuwa vingi sana, vidogo, vimetapakaa, na vilikuwa vinakwenda. Chini, upande wa mgongo wangu, kulikuwa na tabaka la kijivu, limelala tambarare kama lilivyokuwa likilala kwenye silinda kila siku ya kazi.

Mkono wa Mama ulikuwa umesimama, haukutetemeka, na kwa sababu haukutetemeka picha ilikuwa safi kuliko nilivyotamani. Mtu mwingine angeona ukungu. Daktari angeona jambo ambalo ana jina lake. Sisi wawili hatukuwa na jina, lakini tulijua kabisa tunachotazama, kwa sababu hatukuwa tumetazama kitu kingine kwa miaka miwili. Kuna majimaji, ndani yake kuna chembe, na chembe zinatulia.

"Lala ubavu," Mama akasema, kwa sauti ya chini.

Hivyo ndivyo tulivyofanya na silinda. Kama kitu kigumu kimeota ukutani, hakitaondoka pale. Kama ni mashapo, yatahama. Nikajigeuza ubavu wa kushoto. Nikasikia kidole chake kikibonyeza ile saa shingoni, taratibu, kwa mazoea, kama alivyofanya kila tulipoinamisha silinda. Tukangoja. Lile tabaka likaanza kupinda. Likateleza upande mmoja, kwa uvivu, polepole zaidi kuliko matope ya mto wowote niliowahi kupima. Na kichwa changu, bila kuniuliza, kikaanza hesabu: majimaji ni mazito kiasi gani ili chembe ziende kwa mwendo huo. Nilijaribu kukizuia. Kiliendelea. Nilikuwa nimelala nusu uchi juu ya meza ya kazi, nikitafuta unene wa kitu kilichokuwa ndani yangu, na nilikuwa karibu kupata jibu.

"Imehama," akasema Mama. Akaibonyeza saa tena. Kisha akaitazama mkononi kana kwamba ni mtu mwingine aliyeiweka pale. "Mwalimu, hii si chakula."

Nilimwomba aihifadhi picha. Akakataa. Alisema hataiweka pamoja na za matope, akazima mashine, akachukua taulo akanipangusa tumbo mwenyewe, kama anavyopanguswa mtoto. Nikafunga vifungo. Nikakosea, kimoja kikabaki bila tundu, akavifungua vyote akaanza upya.

Watu huniuliza nilifanya nini baada ya hapo. Nilikwenda kufundisha. Saa nane nilikuwa na darasa la mwaka wa pili, na miguu yangu ikanipeleka. Nakumbuka chaki mkononi na ubaridi wa ukuta nilipouegemea. Mengine siyakumbuki. Baadaye mwanafunzi mmoja alinieleza kwamba niliandika mlinganyo mmoja mara tatu, ule mmoja juu ya mwenzake, na kwamba hakuna aliyethubutu kuniambia, maana sura yangu haikuwa ya kuongeleshwa.

Nilipotoka nilimkuta Mama kwenye baraza. Alikuwa amevua koti jeupe la maabara, ameshika mkoba wake na wangu. Teksi ilikuwa imesimama chini ya miti. Nilimwambia nitakwenda kesho. Hakubishana nami. Alifungua mlango wa gari na kusimama akiushikilia mpaka nikaingia.

Hospitalini, kijana aliyetupokea kwenye chumba cha picha aliuliza ni daktari gani aliyenituma. Nikamwambia nimejipima mwenyewe. Akanitazama kuona kama namchezea. Akauliza kwa mashine gani. Mama ndiye aliyemjibu, kwa heshima zote, kwamba ilikuwa mashine ya matope. Kijana akaanza kucheka. Alikuwa bado anacheka alipougusisha mkono wa mashine yake mpya tumboni mwangu, halafu kicheko kikakatika katikati. Akapima huku na huku, akabonyeza vitufe, akatoka kwenda kumwita daktari bila kuniambia kitu. Safari hii skrini ilikuwa imegeuzwa nisiione. Nilimtazama Mama, ambaye aliweza kuiona. Aliinamisha kichwa mara moja kuniambia kwamba ni ileile.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mwenye kuongea taratibu. Alinieleza kwamba kwenye ovari yangu ya kushoto kuna kifuko kimejaa majimaji, na ukubwa wake ni kama kichwa cha mtoto mchanga. Aliliona neno hilo likinigonga, akajaribu kulirudisha, akasema basi tuseme kama chungwa kubwa, lakini nilikuwa nimeshalisikia.

"Sitakudanganya," akasema. "Inaweza kuwa damu ya zamani. Inaweza kuwa kitu kibaya. Sitajua mpaka nifungue."

Nilimpigia mume wangu nikiwa kwenye benchi nje ya chumba hicho. Sikuweza kumweleza kwa simu, nikamwambia tu kwamba niko hospitali na ninataka aje. Mama alikwenda kumchukua binti yetu shuleni akakae naye. Mume wangu alifika jua halijazama, na vumbi la chaki bado kwenye mkono wa koti lake. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo lilinichanganya. Aliketi kando yangu, akanishika magoti, akaniuliza kama tumbo linaniuma, kama nimekula.

Nikamweleza yote tangu mwanzo. Wasichana wa shule, meza, mkono wa Mama, lile tabaka. Aliendelea kutabasamu hadi katikati ya habari, kama mtu anayesubiri hadithi igeuke. Haikugeuka. Nilipotaja kifuko na ovari, tabasamu lilikwisha. Akarudia mara mbili: kwa mashine ya udongo? Nikamwambia ndiyo.

"Miezi hii yote nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," akasema.

Sikumwelewa. Ikabidi aniambie waziwazi. Alikuwa ameliona tumbo langu tangu mwezi wa tatu. Alihesabu, akafurahi, akaamua kutoniuliza, kwa kuwa miaka iliyopita tuliwahi kupoteza mimba changa na alidhani naogopa kuitaja mapema. Kila Ijumaa aliyorudi alinitazama nikipika, akaenda kulala na furaha yake. Alikuwa amemwambia mama yake. Alikuwa amewaambia walimu wenzake wawili.

Kati ya yote yaliyonipata wiki hiyo, hilo ndilo lililonitoa pumzi. Ugonjwa ulinishtua, lakini ulikuwa kitu kilichokuwa gizani na hakuna aliyekiona. Hapa kulikuwa na mtu aliyelala kando yangu Ijumaa hadi Jumapili, ananipenda, anatazama tumbo lilelile ninalolitazama kwenye kioo, na kila mmoja wetu anaona kitu tofauti na hasemi. Mimi niliona chapati na yeye aliona mtoto. Hatukulia pale kwenye benchi. Tulikaa tumeshikana mikono, na nakumbuka nikimwambia pole, kana kwamba ni yeye aliyefiwa. Nadhani kweli alikuwa amefiwa.

Operesheni ilipangwa siku tisa mbele. Siku hizo sikuweza kulala chali. Kila nilipojigeuza kitandani nililiwaza lile tabaka likiteleza na kujilaza upande mwingine, nikajikuta nangoja lifike. Hakuna maumivu niliyoyasikia, si kitu cha kuhisi, lakini nilikijua, na nilichokijua sikuweza kukisahau. Binti yetu tulimwambia tumbo la mama lina maji mabaya na yatatolewa. Akauliza yaliingiaje. Nikamwambia sijui, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipozinduka baada ya operesheni, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mume wangu, na kabla sijauliza akaniambia: si kansa. Alilisema mara nyingi sana. Daktari alikuja kesho yake asubuhi akaketi ukingoni mwa kitanda. Ndani ya kifuko, alisema, walikuta majimaji mazito ya rangi ya kahawa iliyolala kwenye sufuria. Ilikuwa damu. Kuna nyama kama ile ya ndani ya tumbo la uzazi ambayo kwa wanawake wengine huota pasipo pake, na kila mwezi nayo hutoa damu. Yangu ilikuwa imeota kwenye ovari, na damu haikuwa na njia ya kutokea. Ikabaki pale, ikatulia, mwezi unaofuata ikaongezeka nyingine juu yake. Ovari ilikuwa imeharibika, wakaitoa. Ya kulia waliiacha.

Aliniuliza maumivu ya mwezi nilikuwa nayo tangu lini. Nikamwambia tangu kidato cha pili. Akauliza nilimwambia nani. Nikawa natafuta jibu. Nilitafuta kwa dhati, nikapita shule, chuo, ndoa, kliniki ya ujauzito, na sikumpata hata mtu mmoja.

Miaka miwili nilisimama nimeegemeza tumbo hilo kwenye meza ya maabara, mashine iko umbali wa mkono kunyooshwa. Nilikuwa naitumia kutafuta kilichojificha ndani ya maji yasiyopenyeka kwa macho. Kama yule msichana mwenye miwani asingeuliza, ningeendelea kupima mito.

Mamangu mzazi alifika kutoka ziwani siku ya tatu, na kikapu cha samaki wakavu ambao wauguzi walimkataza kuingia nao wodini. Nilimweleza alivyosema daktari. Alinisikiliza akinikunjia nguo. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye naye alikuwa hivyohivyo. Siku nyingine alikuwa anajilaza shambani kati ya mistari ya mtama ili watu wasimwone. Nyanya yangu pia. Alidhani nimechukua damu yao tu, kama nilivyochukua urefu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Nilijua unajua."

Niligeuza uso ukutani. Sikuwa na hasira naye. Nilishindwa tu kuamini kwamba wanawake watatu wa nyumba moja walikuwa wamebeba kitu kimoja, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake hata jina lake.

Mama wa maabara alikuja jioni ileile, amevaa nguo za kanisani, na mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa. Wale wawili, yeye na mamangu, walisalimiana kwa Kiswahili cha taratibu, kila mmoja akikivuta upande wa lugha yake, wakamaliza robo saa wakizungumzia ng'ombe. Mamangu alipotoka kuchota maji, Mama alivua ile saa shingoni akaniwekea mkononi. Ilikuwa bado imesimama kwenye dakika nne na sekunde kadhaa. Alisema hakuweza kuirudisha sifuri na hakuweza kuitumia. Tangu siku ile alikuwa anahesabu kwa saa ya ukutani. Nikaitazama namba ile, kisha nikaibonyeza mwenyewe, ikafutika. Akaivaa tena, akanimiminia mursik.

Nilirudi kazini baada ya wiki sita. Nilidhani nimeyamaliza, lakini habari ilikuwa imetangulia. Siku ya pili tu, mfagizi wa jengo letu alibisha mlango akauliza kama tunaweza kumwangalia kidogo. Baada yake akaja katibu wa idara, kisha mwanamke anayepika chai na mandazi kwenye kantini ya wafanyakazi, kisha wanafunzi wawili walioshikana mikono. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na kila mmoja aliianza kwa kusema kwamba si jambo kubwa. Mkuu wa idara aliposikia alibandika barua mlangoni: mashine ni ya utafiti peke yake. Alikuwa sahihi. Mashine ilikuwa kuukuu, sisi hatukuwa na ujuzi, na tungeweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Niliwaeleza wote hivyo, nikawaandikia jina la kliniki kwenye karatasi. Wengine walikwenda. Wengine walizikunja karatasi wakazitia kwenye mfuko wa aproni, na niliona kwamba hazitatoka humo.

Mpishi wa kantini hakuchukua karatasi. Alisimama mlangoni, mikono bado ina unga. Alinieleza kwamba anatokwa na damu siku kumi na mbili kila mwezi, na kwamba hospitali anaiogopa, kwa sababu dada yake aliingia huko kwa miguu yake mwenyewe na hakutoka hai. Hapa kwetu haogopi, kwa kuwa anatupikia chai na anatujua. Nikaanza kumweleza habari za barua ya mkuu wa idara.

"Lakini wewe ulipimwa hapa," akasema.

Alichosema kilikuwa kweli, na barua ile mlangoni nayo ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimesimama katikati nikiwa na kovu ambalo bado lilikuwa linawasha chini ya sketi. Ndani, matope ya siku hiyo yalikuwa yameanza kushuka kwenye silinda na hakukuwa na mtu wa kuyahesabia.

Mama alizima mashine. Akavua koti jeupe, akalitundika, akachukua mkoba. Alimuuliza mpishi kama kuna mtu wa kumshikia jiko hadi saa kumi. Mpishi akasema hakuna.

Basi nikashuka mimi kantini. Alasiri ile nilikaanga mandazi ya wafanyakazi wa chuo kizima. Yale ya kwanza yaliungua, na profesa mmoja akauliza kwa upole kama kuna mgomo. Nilichemsha chai, nikaosha vikombe, nikatazama njia inayotoka langoni. Mvua ikanyesha, ikaacha, saa kumi ikapita. Walirudi kutoka kliniki karibu saa kumi na moja, wamejifunika koti moja la mvua, wakitembea pembeni kukwepa madimbwi. Sikuweza kusoma nyuso zao kutoka mbali. Nilipangusa mikono, nikatoka hadi mlangoni.

Mpishi alinipita bila kuniangalia, akaenda moja kwa moja kwenye jiko lake, akafunua sufuria ya mafuta na kuchungulia.

"Umeweka hamira?" akaniuliza.

Nikamwambia nimesahau. Akatikisa kichwa, akajifunga aproni. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba wamemkuta na vivimbe viwili kwenye tumbo la uzazi, si vya kuua, atapewa dawa na atarudi mwezi ujao. Mama angemsindikiza tena. Alichukua unga, akapima kwa mkono, akaanza kukanda upya.